Kishikwambi Kimelala Kabatini: Tuanzie Wapi?

Mahindi yakinyauka, hakuna bwana shamba anayeandika "mahindi haya hayataki kukua" kisha akafunga daftari. Anang'oa mche, anapasua shina, anauliza mvua ilinyesha lini na mbegu ilinunuliwa kwa nani. Lakini vishikwambi, yaani tableti za kazi, vikilala kabatini, ripoti inaandikwa kwa sentensi moja tu: maafisa ugani hawapendi teknolojia. Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi. Mara mbili aliyekuwa akisemwa ni mimi mwenyewe, na mfukoni nilikuwa na simu mbili ambazo nazitumia kulipa karo, umeme na mbolea.

Mimi ni afisa ugani wa kilimo wilayani Kasese, Uganda, upande wa Bwera, ambako sokoni tunaongea Kiswahili, nyumbani Kikonzo na ofisini Kiingereza. Sikusomea kompyuta. Ila kila mradi ukileta kifaa kipya, wenzangu huishia kwangu: "Kaka, hebu itazame hii." Kwa hiyo nimejifunza kutafuta ugonjwa wa kifaa kama ninavyotafuta ugonjwa wa kahawa. Nimepanga maelezo haya kwa dalili, maana dalili ndiyo mkuu wa idara anaiona kwanza. Kinachoisababisha mara nyingi kiko mbali na mahali inapoonekana.

Kifaa kipo, hakitumiki

Kabla ya kuitisha semina nyingine, nenda ukakione. Mwombe mwenyewe akitoe kabatini akiwashe mbele yako. Kikiwa kimezima kabisa, achana na habari za mafunzo, uliza umeme. Katika kaunti ndogo nyingi za huku mlimani sola ya ofisi inatosha taa, kompyuta ya mhasibu na printa, basi. Simu na vishikwambi vinapelekwa kuchajiwa kibandani senta kwa pesa ndogo ambayo haina risiti, na kwa kuwa haina risiti hairudishwi. Ni ndogo mara moja, lakini ukiilipa mara tatu kwa wiki mwaka mzima utaiona.

Dawa yake ni nafuu kuliko semina ya siku moja: power bank nzuri itolewe pamoja na kifaa, tena siku hiyohiyo, na pikipiki ya afisa ifungwe soketi ya USB. Ukipanda kutoka Bwera hadi Ihandiro unafika na chaji. Mwaka 2009 Grameen Foundation ilipoanza kuwapa wanavijiji wa Uganda simu ili wawapelekee wenzao habari za kilimo, iliwapa pia chaja za sola, na wengine wakapata hela kidogo kwa kuchaji simu za majirani. Hilo walilitazama tangu mwanzo. Miradi mingine iliyokuja baadaye ilileta skrini kubwa ikasahau waya.

Kikiwaka na chaji iko asilimia 80, kuna mambo mawili ya kutazama. La kwanza ni karatasi aliyosaini siku alipokabidhiwa. Kama imeandikwa kwamba kikivunjika au kikiibwa atakatwa mshahara, basi anafanya alichoambiwa: anakilinda. Na hakuna ulinzi kama kufuli. Badilisha hiyo karatasi. Andika wazi kwamba kikiharibika kazini, kwenye mvua au pikipiki ikianguka, ni hasara ya ofisi. Nunua kasha la mpira na mfuko usiopitisha maji. Mimi binafsi naona afisa mwenye simu yake nzuri aachwe na simu yake, arudishiwe gharama ya bando. Simu yake anaijua gizani, na hailazi nje.

La pili ni mafuta. Hapa watu wa teknolojia hukunja uso, kwamba mafuta si kazi yao. Takwimu inayotajwa sana hapa Uganda ni afisa mmoja kwa zaidi ya kaya 1,800, ilhali kinachopendekezwa ni 500. Sasa chukua kaya hizo uzitawanye kwenye miteremko ya Rwenzori, halafu umpe afisa mafuta ya siku nne kwa mwezi. Programu ikihesabu ziara, itahesabu siku nne. Ukitaka kujua kama tatizo ni kifaa au ni mafuta, chukua daftari la zamani la karatasi, la kabla ya kifaa kuja, uhesabu ziara za mwezi. Zikiwa zilikuwa chache vilevile, kifaa hakina kosa, kimekuonyesha tu kilichokuwa kimefichika.

Ripoti zote zinaingia siku moja

Mwezi mzima kimya, halafu tarehe 29 zinamiminika fomu 22 kutoka kwa mtu mmoja. Mkubwa anaamua palepale: amepika. Huenda. Lakini kabla hujamwita, tenganisha saa mbili, yaani saa ambayo fomu ilijazwa na saa ambayo ilitumwa. Fomu za ODK au KoboToolbox, programu za kukusanya taarifa kwa simu, zinaweza kurekodi zilianza na kuisha lini, mradi aliyeitengeneza aliliweka hilo. Kama zilijazwa siku mbalimbali zikatumwa pamoja, tatizo ni mtandao au bando. Kama zilijazwa zote kati ya saa mbili na saa nne usiku, tatizo ni fomu yenyewe au ni mtu.

Tuanze na mtandao. Afisa anajaza fomu shambani, anabonyeza kuhifadhi, anaamini imekwenda. Haijaenda. Imekaa kwenye rasimu, na rasimu hazitumwi hata ukisimama chini ya mnara. Lazima fomu ikamilishwe, iingie kwenye orodha ya zilizo tayari kutumwa, ndipo itoke. Nusu ya "fomu zilizopotea" ninazoletewa nazikuta palepale kwenye rasimu, zimetulia. Kutoa rasimu ni dakika mbili.

Bando lina historia yake. Julai 2018 ilikuja kodi ya mitandao ya kijamii, shilingi 200 kwa siku, na watu wakajizoeza kuzima data asubuhi na kuiwasha jioni. Mwaka 2021 kodi hiyo ikaondolewa, ikawekwa asilimia 12 juu ya data yenyewe, na mazoea ya kuzima hayakuondoka. Usimlaumu mtu kwa kubana pesa yake. Tazama badala yake bando linaliwa na nini: masasisho ya Play Store yanayojipakua, video za WhatsApp zinazojishusha zenyewe, na picha za fomu. Picha moja ya simu ya siku hizi inaweza kufika MB 4, na wakulima 20 wenye picha moja moja tayari ni MB 80. Mtengeneza fomu anaweza kuweka kikomo cha ukubwa, picha ikashuka hadi KB mia kadhaa, na doa la ugonjwa likaonekana vizuri tu. Ni mpangilio wa neno moja kwenye jedwali la fomu. Mdai huo.

Onyo moja, tena nalisema kwa uchungu. Mwenzangu mmoja simu ilimjaa, ikakataa kupiga picha. Badala ya kufuta video za arusi ya shemeji yake akaiondoa programu ya fomu, akijua ataipakua upya jioni. Aliipakua kweli, lakini fomu za wakulima 31 ambazo hazijatumwa ziliondoka nayo. Tuliketi wawili kwenye benchi la ofisi tukiitazama ile skrini tupu, hakuna aliyesema kitu. Kesho yake alianza kuwazungukia upya, na kila mkulima alimuuliza: "Si ulikuja juzi?"

Sasa zile za usiku. Mara nyingi ziara ilifanyika kweli na majibu yapo kwenye daftari, ila fomu ina maswali 94 na mkulima amesimama na jembe begani. Hakuna binadamu atakayeuliza maswali 94 kwenye jua la Kasese. Anaandika mambo sita muhimu, mengine anayajaza nyumbani kwa kukisia. Jijaribu mwenyewe: chukua simu, nenda kwa mkulima mmoja, jaza fomu yako nzima. Ukipita dakika 15, kata maswali. Sijawahi kuona mradi uliokata maswali ukajuta.

Mashamba yanahama

Dalili hii naipenda, Mungu anisamehe, kwa sababu inachekesha na inafundisha. Unafungua ramani uone mashamba ya kahawa ya kaunti ndogo yako, unakuta moja liko Aljeria.

La Aljeria ni jepesi. Sisi tuko karibu na latitudo 0 na longitudo 30. Mtu akinakili namba kwenye karatasi kisha akazigeuza, longitudo ikaingia mahali pa latitudo, kahawa yako inaota kwenye mchanga wa Sahara. Na shamba likionekana baharini, Ghuba ya Guinea, hilo ni sifuri na sifuri: namba hazikuwahi kuingia. Dawa ni moja, namba zisipitie kwenye karatasi. Simu izichukue yenyewe.

Linalosumbua zaidi ni la Ikweta. Mstari unapita katikati ya wilaya yetu, watalii wanasimama Kikorongo kupiga picha hapo. Mkulima aliye kusini ya mstari ana latitudo yenye alama ya kutoa mbele. Ukiisahau ile alama, shamba la nyuzi 0.05 kusini linakuwa nyuzi 0.05 kaskazini. Nyuzi moja ni kama kilomita 111, kwa hiyo umemhamisha mzee wa watu kilomita 11, na bado anaonekana yuko Kasese, wala hakuna anayeshtuka. Aljeria inajipigia kelele yenyewe, hili linakaa kimya. Ninapokagua orodha natafuta kwanza wakulima wa parokia moja (eneo la utawala chini ya kaunti ndogo) walioangukia pande mbili za mstari.

Halafu kuna saa. Upande wa pili wa mto Lhubiriha ni Kongo, na mashariki ya Kongo saa zao ziko nyuma yetu kwa saa moja. Minara yao inafika huku. Ukiwa kwenye kilima juu ya Mpondwe simu inaweza kudaka mtandao wa ng'ambo, na kama imeachwa ijipangie saa yenyewe, inarudi nyuma saa moja bila kukuuliza. Hivyo ndivyo tulivyopata ziara iliyoanza saa 5:10 asubuhi ikaisha saa 4:35. Mkaguzi aliyeko mbali aliandika "data ya kughushi". Zima kupanga saa kiotomatiki, chagua saa za Kampala mwenyewe, uzime na data ya ng'ambo, la sivyo salio lote litaondoka kabla ya chai.

Na tukiwa kwenye saa: sisi tunahesabu kuanzia macheo, na karani wa wizarani Entebbe anahesabu kuanzia usiku wa manane. Afisa akiandika kwenye karatasi kwamba mkutano wa wakulima ulianza saa 3, karani anaingiza 03:00. Nimewahi kuulizwa kwa barua kwa nini nawaita wanawake mkutanoni saa tisa usiku.

Usahihi wa nukta ni jambo jingine. Simu iliyozimwa data inachukua dakika kadhaa kuziona satelaiti kwa mara ya kwanza, na chini ya migomba na mivuli ya kahawa haioni vizuri. Utaona skrini imeandika usahihi wa mita 38. Watu wanachoka, wanabonyeza. Mimi huwasha eneo nikiwa bado nasalimia. Kwetu salamu hazikatwi kati. Mpaka tumalize habari za watoto, za ng'ombe na za mvua, simu imeshatulia. Kisha natoka penye uwazi, nangoja ishuke hadi mita 5 au karibu na hapo, ndipo nachukua.

Wanunuzi wa Ulaya wameongeza uzito hapa. Sheria ya Umoja wa Ulaya inataka kahawa na kakao isitoke kwenye ardhi iliyokatwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020, na kila shamba liwe na mahali pake kwa namba zenye tarakimu sita baada ya nukta. Shamba la zaidi ya hekta 4 linatakiwa lichorwe mpaka wake wote. Dogo linatosha nukta moja. Hapo maafisa wengi wamejitesa bure. Wameambiwa "nne", wakasikia ekari, maana huku hakuna anayeongea hekta. Hekta moja ni kama ekari mbili na nusu, kwa hiyo hekta 4 ni karibu ekari 10. Wakulima wetu wa ekari 10 za kahawa unaweza kuwahesabu kwa vidole. Kama sheria hiyo ndiyo sababu pekee ya kuuzunguka mpaka wa nusu ekari kwa miguu, kaa chini upumzike.

Ukiuzunguka, jiandae kwa ugomvi. Ramani hupima shamba kana kwamba limelazwa sawa kama mkeka, na mzee alilipima kwa kamba juu ya mteremko. Penye mwinamo wa nyuzi 30 ramani inapunguza kama asilimia 13. Mzee mmoja wa Kyarumba aliniambia, simu nikiwa nayo mkononi: "Mwanangu, hiyo mashine yako imekula sehemu ya baba yangu." Nililaza daftari mezani, nikalinyanyua upande mmoja, nikamwonyesha kivuli chake kinavyofupika. Alicheka. Lakini alidai niandike na kipimo chake cha kamba pembeni, na nikakiandika.

Majibu yote yanafanana

Fomu inauliza kama mkulima "anachanganya mazao", na wakulima 40 kati ya 40 wamejibu ndiyo kwa afisa mmoja. Kwa jirani yake, hapana 35. Afisa si mvivu. Fomu imeandikwa Kiingereza, naye anaitafsiri papo hapo kwa Kikonzo au Kiswahili, kila mtu kwa namna yake. Mmoja anauliza "unapanda vitu viwili pamoja?", mwingine anauliza "unafuata ule mpango wa mistari tuliofundisha?" Hayo ni maswali mawili.

KoboToolbox na ODK zinakubali fomu moja iwe na lugha kadhaa, unachagua juu. Kaeni maafisa watatu na mkulima mmoja mkubaliane maneno kabla ya msimu. Asubuhi moja inatosha. Kwa lugha zetu neno la "kaya" peke yake litakula saa nzima, hasa penye mume mwenye nyumba mbili, na ni afadhali lile saa yenu kuliko lije kuila taarifa.

Programu inataja ugonjwa mwingine

PlantVillage Nuru inasoma jani la muhogo kwa kamera hata pasipo mtandao, na ina Kiswahili. Ni nzuri. Lakini huletewa lawama ambazo ni za mpiga picha. Ugonjwa wa batobato unajionyesha kwenye majani machanga ya juu, yaliyojikunja na kuwa na mabaka. Ule wa michirizi ya kahawia unajionyesha zaidi kwenye majani yaliyokomaa ya chini. Mtu anayepiga picha jani la juu tu, kwa kuwa ndilo liko usawa wa macho, ataambiwa shamba ni zima, na mizizi imeoza ndani kama kizibo cha chupa. Piga juu, piga chini, piga majani kadhaa ya mche mmoja, kisha ng'oa mche mmoja ukate mzizi. Kisu bado ni kifaa.

Kwenye mahindi, usiikimbilie simu kabla hujatumia macho: kiwavi mwenye alama ya Y iliyopinduliwa kichwani na madoa manne yaliyopangika kama mraba karibu na mkia ni kiwavijeshi vamizi. Nimemfundisha mtoto wa darasa la nne, hakosei.

Kundi la WhatsApp lina kelele, halina kazi

Salamu za asubuhi, aya za dini, matangazo ya misiba. Swali la mkulima linafukiwa ndani ya saa moja. Fungua kundi la pili ambalo wasimamizi pekee wanatuma, na maswali yaje kwa ujumbe binafsi. Hilo tu. Ukurasa wa Facebook usiutegemee: Facebook ilifungwa Uganda Januari 2021, na anayeingia kwa VPN hulalamika baadaye kwamba programu nyingine ya kazi inamkataa. Inamkataa kwa sababu inaona anaingia kutoka nchi nyingine. Zima VPN, jaribu tena.

Mkulima anafunga mdomo

Mlikuwa mnaongea vizuri, ukauliza namba ya kitambulisho, akanyamaza. Au anakutajia ya marehemu. Hapa afisa mwenyewe huanza kuikwepa programu, maana inamharibia jina kijijini.

Litazame jambo hili kwa macho yake. Ameandikishwa kwenye mpango wa maendeleo wa parokia, ule uliozinduliwa Kibuku Februari 2022, ambao una mfumo wake wa taarifa. Ameandikishwa kwa ajili ya kahawa. Ameandikishwa na kampuni ya mbegu na mradi wa kanisa. Kila mmoja alipiga picha kitambulisho chake, na hajui picha zilikwenda wapi. Halafu wewe unazunguka mpaka wake na simu. Katika nchi ambayo kesi za ardhi haziishi, hata mimi ningenyamaza.

Sheria ya mwaka 2019 ya kulinda taarifa binafsi inampa haki ya kujua zinachukuliwa kwa nini, na ya kukubali au kukataa. Iseme kwa lugha yake, mwanzoni, mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, akiwepo. Usiulize namba ya kitambulisho kama huna pa kuipeleka. Nimekagua fomu za miradi mitatu ambapo namba hiyo haikutumiwa na mtu yeyote baadaye. Na namba ya simu uliza ni ya nani. Mara nyingi ni ya mume, na ujumbe wa "palilia maharage wiki hii" unamfikia yeye akiwa sokoni Bwera, ilhali jembe liko kwa mama.

Kila kitu ni kizima, bado hakuna anayetumia

Chaji ipo, bando lipo, fomu ni fupi, wakulima wanajibu. Miezi mitatu ya kwanza ripoti zinakuja, mwezi wa nne zinakauka. Muulize afisa swali moja: tangu uanze kutuma, umerudishiwa nini? Akinyamaza, umeshapata jibu.

Kwetu ilikuwa hivyo kwa fomu ile ya magonjwa ya kahawa. Tulituma msimu mzima. Baadaye nilimwomba kijana wa takwimu wilayani anichapishie nukta zetu tu, kaunti ndogo yetu peke yake, karatasi moja ya A4, rangi mbili: nyekundu chulebuni, njano kutu ya majani. Niliibandika ukutani pale ofisini na gundi ya mkanda. Dada yetu wa mifugo, ambaye kishikwambi chake kilikuwa hakijatoka kabatini tangu Krismasi, alisimama mbele yake akiwa na kikombe cha chai. Akaweka kidole kwenye sehemu nyeupe upande wa juu.

"Huku mbona hakuna kitu?"

"Hatujafika."

"Mimi napita huko Alhamisi, nachanja mbuzi." Akaweka kikombe chini. "Ufunguo wa hilo kabati uko kwa nani?"